Mbegu ya maharage kwa Kigoma: kinga kali, kinga tulivu au kinga ya kiasi?

Ukiingia duka la pembejeo Kasulu mjini kutafuta mbegu ya maharage, swali la kwanza ni "Hii haiugui?" na jibu ni "Hii inahimili magonjwa, mzee wangu." Noti zinahesabiwa, mfuko unafungwa. Jibu si la uongo, ila halimsaidii mnunuzi. Maharage yana njia zaidi ya moja ya kuhimili magonjwa, na kila njia ina gharama yake na namna yake ya kukuangusha. Mbegu mbili zinaweza kusifiwa kwa maneno yaleyale, moja ikakupa magunia na nyingine ikakaukia shambani kabla haijatoa maua.

Hapa nazilinganisha njia tatu kwa macho ya mtu anayelima Kasulu, Buhigwe, Kibondo au Kakonko, na Tabora nitaigusa kwa sababu joto hubadilisha hesabu. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: dhidi ya batobato ya maharage, ugonjwa wa virusi unaotia majani mabaka, kinga kali ikiwa peke yake haifai mkoa huu, hata kama kwingine duniani inasifiwa.

Mmea unajilindaje

Maharage hayana damu wala chembe nyeupe za kuzunguka mwilini zikiwinda vijidudu. Kila seli inajilinda yenyewe, kisha inawapa habari majirani. Kwenye utando wa nje wa seli kuna vipokezi vinavyotambua vitu ambavyo kijidudu hawezi kuishi bila kuwa navyo, kama kitini iliyo kwenye ukuta wa kuvu, au kipande cha mkia ambao bakteria huogelea nao. Kipokezi kikishakamata kitu hicho, ndani ya dakika chache seli inaingiza kalsiamu, inamwaga kemikali kali za oksijeni, na inaanza kuimarisha ukuta wake. Vitundu vya majani ambavyo bakteria hupitia navyo hufungwa.

Vijidudu vilivyozoea zao fulani vina jibu. Vinapenyeza protini zao ndani ya seli ili kuuzima mfumo huo. Hapo linaingia tabaka la pili, vipokezi vya ndani, vinavyoitambua protini ya adui au uharibifu inaoufanya. Jonathan Jones na Jeffery Dangl waliupanga mvutano huu katika mfano mmoja mwaka 2006, na ndio unaofundishwa vyuoni mpaka leo, ingawa tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba tabaka hizo mbili zinasaidiana kuliko ilivyodhaniwa.

Tabaka la ndani ndilo lenye makali. Mara nyingi seli zilizovamiwa hujiua zenyewe, na adui akabaki amefungiwa kwenye doa dogo la seli zilizokufa. Mfugaji nyuki yeyote wa misitu ya miombo anaijua kazi hii: unachoma ukanda wa nyasi kuzunguka mizinga ili moto mkubwa ukifika ukose cha kula. Ukiuchoma kwa wakati, mizinga inabaki. Ukichelewa au upepo ukigeuka, moto wako mwenyewe ndio unaoila mizinga.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ya mmea ni kujizuia. Vipokezi vya ndani hukaa vimekunjwa vikiwa vimeshikilia molekuli ya ADP, na havifunguki mpaka adui apatikane. Mwaka 2019 watafiti wa China walionyesha umbo la kimojawapo, kiitwacho ZAR1, kikiwa kimewashwa: vitano vinajipanga duara. Baadaye ikaonekana kwamba duara hilo hufungua njia ya kalsiamu kwenye utando wa seli. Mikunde ina breki nyingine tena, vipande vidogo vya RNA (kemikali inayobeba ujumbe wa jeni) ambavyo kazi yake ni kukata ujumbe wa jeni za vipokezi hivi ili visizalishwe kupita kiasi.

Breki zote hizo zina sababu, kwani kukaa tayari kwa vita kunagharimu mavuno. Katika mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis, jaribio lililochapishwa mwaka 2003 lilionyesha kwamba kubeba jeni moja tu ya kinga, RPM1, pasipo ugonjwa wowote, kulipunguza mbegu kwa asilimia 9 hivi. Mimea mingine iliyopoteza breki hudumaa na kupata madoa ya kujiua bila kuguswa na kijidudu chochote.

Kinga kali: jeni iitwayo I

Dhidi ya virusi vya batobato ya maharage, jeni iliyosambazwa na watafiti kwa miaka mingi inaitwa I. Ni ya lile tabaka la ndani, na kwa adui wake wa kawaida, virusi vinavyojulikana kwa kifupi kama BCMV, inafanya kazi safi. Vidukari wakivileta, kwa kawaida mmea unavizuia na wewe huoni chochote.

Faida yake kubwa zaidi iko kwenye mbegu. Batobato husafiri ndani ya mbegu. Maharage yasiyo na kinga yakiambukizwa kabla ya kutoa maua, sehemu kubwa ya mbegu zake huweza kubeba virusi hadi msimu unaofuata, na ndivyo mbegu ya nyumbani inavyochoka mwaka hadi mwaka. Mmea wenye I haupitishi virusi kwenye mbegu. Kwa kuwa wengi wetu tunatunza mbegu wenyewe kwenye debe au kapu, hilo si jambo dogo.

Taabu inaanzia kwa ndugu wa virusi hivyo, BCMNV, ambavyo vimeenea Afrika Mashariki na Kati na hupatikana hata kwenye mikunde ya porini inayoota pembezoni mwa mashamba. Kipokezi cha I kinavitambua vizuri tu. Kinachoshindikana ni kuvifungia. Virusi vinatangulia, amri ya kujiua inavifuata nyuma kwenye mishipa, na mmea mzima unakufa.

Dalili zake ukizijua hutazisahau. Majani ya juu kabisa yananyong'onyea wakati ya chini bado ni mabichi. Geuza jani uangalie mishipa: imekuwa ya kahawia, inaelekea weusi. Pasua shina kwa kisu toka juu hadi chini, utaona mstari mweusi ukishuka kwenye mirija ya maji. Maganda kama yameshatoka nayo yanapata rangi ya kahawia. Siku chache baadaye mche umekauka ukiwa umesimama.

Wengi huita hali hii kuoza mizizi na kukimbilia dawa ya kuvu. Hiyo ni fedha ya bure. Kuoza mizizi huanzia chini: majani ya chini yanatangulia kuwa njano, na ukiung'oa mche unakuta mizizi imelainika na kuchunika. Huku weusi unatoka juu kwenda chini, na hakuna kuvu wa kuuawa. Kilichoumaliza mmea ni kinga yake mwenyewe.

Sasa linganisha na shamba la jirani aliyepanda maharage yake ya njano ya siku zote, yasiyo na I. Virusi vilevile vinamkunjia majani na kumpa mabaka ya kijani kilichokoza na kilichopauka. Mavuno yanashuka, lakini kitu anavuna. Wewe uliyenunua mbegu bora unavuna mabua. Nimewasikia wazee wakihitimisha kwamba mbegu za dukani ni dhaifu kuliko za kienyeji. Wanachokiona shambani ni kweli, sababu tu ndiyo siyo hiyo.

Kwa haki ya jeni hiyo niseme pia kwamba mche uliokufa namna ile hauendelei kuwa ghala la virusi. Bonde zima likipanda mbegu zenye I, vidukari watakosa pa kuvichota isipokuwa porini. Lakini nani atapanga bonde zima la Buhigwe lipande mbegu ya aina moja? Hali halisi ni kwamba anayepanda I peke yake katikati ya mbegu za kienyeji ndiye anayelipa, na jirani ndiye anayefaidika.

Kinga tulivu: bc-3

Hii haina kelele. Virusi havina kiwanda cha kutengeneza protini, vinaazima cha mmea. Ndani ya kiwanda hicho kuna protini iitwayo eIF4E ambayo hukamata kichwa cha ujumbe wa RNA ili usomwe. Virusi vya jamii ya batobato ya maharage vina protini yao iliyobandikwa mwanzoni mwa RNA, na ni lazima ishikane na eIF4E. Maharage yenye bc-3 yana eIF4E iliyobadilika kidogo, kiasi cha kuwa mshikano huo haupatikani. Mmea wenyewe haupungukiwi, kwa sababu una protini pacha inayoendeleza kazi za kila siku.

Hakuna kipokezi cha kuwashwa na hakuna seli inayojiua. Virusi vimeingia vikakosa pa kufanyia kazi, vikaishia hapo, na BCMNV ni vimojawapo. Njia ya namna hii imetumika pia kwenye pilipili, saladi na shayiri dhidi ya virusi vyao, na kwa maoni yangu ndiyo kinga yenye akili kuliko zote kwa mkulima asiye na uwezo wa kusimamia shamba kila siku.

Udhaifu wake ni wa aina mbili. Kwanza, jeni hii hujificha: mche usipoirithi toka kwa wazazi wote wawili, kinga haipo. Hilo humpa mtafiti kazi ndefu ya kukagua vinasaba kila kizazi, ndiyo maana mbegu zenye bc-3 si nyingi sokoni kama zenye I. Kwa mkulima halina shida, kwa kuwa maharage hujichavusha yenyewe na mbegu ikishatulia inabaki ilivyo. Pili, si kinga ya kila kitu. Zipo aina za BCMV zilizoonekana kuipita, na kwa kuvu haina msaada wowote.

Jeni za namna hii huwa na historia za kuvutia. Shayiri ya Ulaya imelindwa dhidi ya ubwiri unga tangu mwaka 1979 kwa jeni iitwayo mlo, na aina yake inayotumika zaidi ilitoka kwenye shayiri za wakulima wa Ethiopia zilizokusanywa miaka ya 1930. Imedumu kwa miongo, jambo ambalo jeni nyingi kali hazikuliweza. Lakini nayo ina bei yake: mimea hiyo hupata madoa madogo ya kujiua, na baadhi ya kuvu wengine huishambulia zaidi.

Uzuri ni kwamba kwenye maharage huhitaji kuchagua moja uache nyingine. Mbegu yenye I na bc-3 pamoja ina mpango mzuri sana: bc-3 inazuia BCMNV visifike pa kuichokoza I, na I inazikamata zile BCMV ambazo zingeipita bc-3. Huo ndio mchanganyiko ninaoutafuta kwanza. Zipo pia bc-1 na bc-2, ambazo zikiwa na I hupunguza ukali wa weusi kwa baadhi ya aina za virusi. Ni afadhali kuliko I peke yake, lakini hazifikii bc-3.

Kinga ya kiasi

Tukitoka kwa virusi tukaja kwa kuvu, hadithi inageuka. Milima ya Kasulu na Buhigwe ina ubaridi na mvua ya kutosha kumlea kuvu wa chule na wa madoapembe, magonjwa ya madoa kwenye majani na maganda, na hapa jeni moja kali hukutia moyo kwa misimu michache tu. Kuvu wa chule ana koo, yaani aina ndogondogo, zaidi ya 100 zinazojulikana duniani. Ukileta jeni inayomtambua mmoja, mwingine asiyetambulika anapata shamba la peke yake. Harold Flor alishalionyesha hilo miaka ya 1940 kwa kutu ya kitani huko Marekani: kila jeni ya kinga kwenye mmea ina jeni inayolingana nayo kwa kuvu, na kuvu akiibadilisha yake, kipokezi kinabaki hakioni kitu.

Kinga ya kiasi hutokana na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Madoa yanachelewa kutokea, yanakuwa madogo, na yanazaa vimelea vichache vya kurukia mche wa pili. Mmea unaugua, ndiyo, na anayeipima mbegu kwa macho ya wiki ya tano ataidharau. Ipime kwa mizani ya mavuno. Kuvu hana mlango mmoja wa kuuvunja, kwa hiyo kinga hii hukaa miaka mingi.

Mbegu za mchanganyiko, kama walivyozoea wakulima wengi wa ukanda wa Maziwa Makuu, zinafanya kazi inayokaribiana na hiyo, kwani ukoo wa kuvu unaoiweza mbegu nyekundu unakwama kwenye ya njano iliyo pembeni. Kwa chakula cha nyumbani ni mpango mzuri kabisa. Kwa biashara unakuumiza, kwa kuwa mnunuzi wa gunia anataka rangi moja na akina mama watakaa siku nzima wakichambua.

Na dawa za kuamsha kinga?

Nazitaja kwa sababu zimeanza kuulizwa. Mwaka 1961 Frank Ross alionyesha kwamba tumbaku iliyoshambuliwa na virusi kwenye majani ya chini inakuwa ngumu kushambuliwa kwenye majani ya juu. Mwaka 1979 R. F. White, Uingereza, akachoma sindano ya aspirini kwenye majani ya tumbaku na madoa ya virusi yakapungua. Huko ndiko ilikotoka meseji ya kuwaambia watu wanyunyizie aspirini kila zao. Siri iko kwenye asidi ya salisiliki, homoni inayotangaza hatari ndani ya mmea, na leo kuna kemikali za viwandani zinazoiga kazi yake.

Kwa maharage ya Kigoma sizipendekezi. Jaribio la ngano lililochapishwa mwaka 2000 lilionyesha kwamba mimea iliyoamshwa kwa kemikali ya aina hiyo bila kuwepo ugonjwa ilikua kidogo na kuzaa kidogo. Tena njia ya salisiliki ikipanda, mara nyingi ile ya jasmoniki, inayopambana na wadudu wanaotafuna, hushuka. Na maharage yana jambo lao la pekee: mizizi yake inapaswa kuwakaribisha bakteria wa vinundu wanaoleta nitrojeni. Ishara ya bakteria hao imejengwa juu ya uti wa kitini, uleule wa kuvu, na mmea hulazimika kutofautisha mgeni na mwizi kisha kuishusha kinga pale kwenye kinundu tu. Sioni busara ya kuuchokoza mfumo kama huo kwa dawa ya bei ghali kwenye udongo wenye njaa ya nitrojeni.

Nani achukue ipi

Anayelima Kasulu, Buhigwe au Kibondo kwa kuuza na kutunza mbegu yake: tafuta mbegu yenye I pamoja na bc-3, ambayo pia ina kinga ya kiasi dhidi ya madoapembe na chule. Ukikosa yote, usitoe kinga ya kiasi ili upate I tupu. Afadhali mbegu ya kienyeji iliyochaguliwa vizuri, yaani unatembea shambani kabla ya maua, unang'oa kila mche wenye mabaka, na mbegu unaichukua kwenye iliyobaki. Kung'oa baada ya maganda kukomaa hakukusaidii kitu.

Anayelima cha kula tu: mchanganyiko wake wa siku zote unatosha, akiongeza usafi huo wa kung'oa.

Wa tambarare zenye joto, kuanzia Uvinza na mwambao wa ziwa: hapa I peke yake inazidi kuwa mbaya. Zipo aina za BCMV, siyo BCMNV, ambazo joto likipita nyuzi 30 nazo huichokoza I hadi mmea unakufa mishipa.

Tabora mambo ya joto wanayaonja kwenye tumbaku. Jeni yake mashuhuri, N, ilitoka kwa tumbaku pori iitwayo Nicotiana glutinosa, na mwaka 1994 ikawa miongoni mwa jeni za kwanza za vipokezi vya ndani kusomwa. Dhidi ya virusi vya batobato ya tumbaku huacha madoa madogo tu, lakini joto likizidi nyuzi 28 hulala. Virusi vinasambaa kimyakimya, kisha baridi ikirudi N inaamka na kukuta adui kila mahali, na sehemu zote zilizoambukizwa zinaporomoka kwa mkupuo. Kwa hiyo mkulima wa Urambo au Kaliua asiitegemee N ikamsahaulisha sabuni: virusi hivyo husafiri kwa mikono na visu, na mvutaji sigara huvibeba vidoleni toka kwenye tumbaku aliyokuwa akiisokota.

Muuzaji wa dukani hatajua habari za I na bc-3, usimlaumu. Soma jina kamili la mbegu kwenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, kisha jina hilo umuulize bwana shamba au watafiti wa maharage wa TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kwenye vituo vya Selian au Uyole: kinga yake ya batobato ni I peke yake, au kuna bc-3? Ukikosa jibu, panda mistari michache tu mwaka wa kwanza, karibu kabisa na maharage ya jirani yenye mabaka, na usiipulizie dawa ya vidukari. Ikifika maua bila mche hata mmoja kukauka kuanzia juu, mwakani panda shamba zima.